Upana wa Baiskeli ya Madafu

Tanga haina mlima. Ukitoka bandarini ukashika njia ya kusini, ukavuka reli, ukaingia Ngamiani na kuendelea hadi Mabawa au Duga, hukuti mwinuko wa kukutoa jasho zaidi ya lile linalotolewa na jua. Mitaa ya Ngamiani nayo imenyooka, na imepewa namba badala ya majina: barabara ya saba, ya nane, ya kumi na mbili, hata mgeni akipotea huelekezwa kwa hesabu. Mji wa namna hiyo hauhitaji kampeni ya kuwahimiza watu wapande baiskeli. Wanazipanda tangu zamani. Mama aliyevaa buibui, kikapu cha sokoni kikining'inia kwenye usukani, anakatiza mtaa taratibu na hakuna mwenyeji anayegeuza shingo kumtazama. Sisi tunaotoka Dar es Salaam ndio tunaokodoa macho.

Nilikwenda huko kwa mwaliko. Dada mmoja, mtaalamu wa mipangomiji aliyezaliwa Barabara ya Kumi na Tatu na sasa amestaafu utumishi wa serikali, alikuwa anachora pendekezo la njia za pamoja, za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kwa ajili ya mji wake. Hakuna aliyemtuma. "Maisha yangu yote nimechora viwanja vya watu," aliniambia kwenye simu. "Acha sasa nichore pa kupita." Alitaka mtu mwenye miguu mizuri na asiyeujua mji, amwonyeshe ni wapi njia inamchanganya mgeni. Nikakata tiketi.

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita kama 350, na basi linakushusha Kange, nje ya mji, kwenye barabara ya Segera. Nikapanda bajaji. Barabara hiyo inabeba mabasi ya mikoani na malori ya saruji kutoka Pongwe, na pembeni kabisa, kwenye bega la barabara, wanapita watu wa baiskeli na wanafunzi wanaotembea kwa makundi. Mbele yetu alikuwepo kijana mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye keria. Nyuma yetu lori likapiga honi, na dereva wangu naye akapiga yake. Kijana akateremka kutoka kwenye lami, akaingia kwenye changarawe, baiskeli ikayumba, magunia yakalala upande, akaweka mguu chini. Lori likapita, vumbi likatufunika sote. Akapanda tena akaendelea. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Kwao lilikuwa jambo la kila siku.

"Umeona?" dada akaniuliza jioni nilipomsimulia. "Hapo ndipo penye kazi. Kwingine kote, mdogo wangu, ni mapambo."

Nilidhani anatia chumvi. Asubuhi tukatoka na baiskeli mbili, yake ya gia aliyoletewa na mwanawe, yangu Phoenix nyeusi ya kukodi yenye breki za vyuma vinavyolia kila ukizibana. Tukaanza na Ngamiani.

Huko hakuna aliyetengwa na mwenzake. Mtoto anakimbiza tairi, mama ntilie ameweka jiko kwenye kona, muuza samaki anatoka Deep Sea na boksi lake la barafu, bajaji inatafuta abiria, na wote wanatumia barabara ileile. Kinachowaokoa ni mwendo mdogo. Nilijifunza haraka matumizi ya kengele: unaigonga mara moja ukiwa bado mbali, kumjulisha mtu kwamba upo nyuma yake, wala si kumfukuza. Ukikaribia unatumia mdomo. "Pisha mama." "Kulia kwako, shekhe." Ukishapita unasema ahsante. Kijana anayegonga kengele mfululizo akiwa mgongoni kwa mtu mzima ataulizwa ni mtoto wa nani, na jibu litafika nyumbani kabla yake.

Nilipotazama ramani ya dada nikashangaa. Ngamiani yote, yenye baiskeli nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote tuliyopita, haikuwa na mstari hata mmoja wa njia mpya.

"Umeisahau?"

"Sijaisahau. Ukichora njia ya baiskeli hapa, umemwambia mwenye gari kwamba sehemu iliyobaki ni yake."

Badala ya mistari alikuwa ameweka alama ndogo nyekundu kwenye midomo ya mitaa, pale inapokutana na barabara kubwa. Anataka kila mdomo ubanwe na kuinuliwa, gari linaloingia lipande kidogo kama linaingia uani kwa mtu, na kivuko cha miguu kipite juu ya mwinuko huo bila mtu kulazimika kushuka. Ndani ya mitaa anataka kilomita 30 kwa saa na basi. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye maeneo ya makazi, na vibao vyake tunavijua. Lakini Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililopitishwa kwenye mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaja 30 kuwa mwendo wa juu unaofaa pale ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Mtaa wa Ngamiani wenye watoto na majiko kwenye kona hauna nafasi ya kufanya majaribio na hesabu hiyo.

Nakubaliana naye, na naona hapa ndipo wapangaji wengi wanapokwenda kombo. Wakisikia mji una baiskeli nyingi, wanakimbilia kujenga njia palepale penye baiskeli nyingi. Lakini baiskeli zimejaa pale kwa sababu pale panapitika tayari. Penye haja ya njia ni pale ambapo baiskeli zilipaswa kuwepo na hazipo, au zipo kwa roho mkononi kama yule kijana wa mkaa.

Karibu na Soko la Mgandini dada akashuka, akamsimamisha muuza madafu.

"Assalaam alaykum, mwanangu. Naomba nikupime."

"Unipime nini, mama? Kanzu?"

"Hiyo baiskeli yako."

Kijana akacheka, akaishika imara. Madafu yalikuwa yamefungwa kwa mikanda ya mpira kwenye fremu ya mbao juu ya keria, mengine yakining'inia pande zote mbili hadi karibu na vikombe vya magurudumu, na panga limechomekwa katikati. Dada akavuta futi kutoka dafu la mwisho kushoto hadi dafu la mwisho kulia. Sentimita 118. Kisha akachora mistari miwili ya chaki kwenye lami na kumwomba kijana apite katikati yake kwa mwendo wake wa kawaida. Akapita, na mara mbili tairi likagusa chaki, kwa sababu mzigo ukiwa juu baiskeli hutafuta mizani yake kwa kuyumba. Dada akafuta, akachora upya kwa upana zaidi. Alipofika mita moja na nusu kijana akapita bila kugusa, watazamaji wakampigia makofi, na tukanunua madafu matatu kwa sababu haikuwezekana kuondoka hivihivi.

Vitabu vingi vya usanifu wa barabara huchukulia kwamba mwendesha baiskeli anahitaji kama mita moja, pamoja na kuyumba kwake. Humo ndani anafikiriwa mtu mwenye begi dogo, anayekwenda ofisini. Muuza madafu hayumo. Guta halimo. Mama mwenye mtoto mbele na ndoo nyuma hayumo. Ukichukua mita moja na nusu ya madafu, ukaongeza wanawake wawili wanaotembea sambamba wakizungumza, kwa maana watu hawatembei kwa foleni wakiwa na la kuzungumza, mita tatu zimekwisha na bado hujaweka mtu anayetoka upande wa pili.

Ndiyo maana kwenye mchoro wa dada njia ya pamoja ina mita tatu na nusu, na mahali ambapo nafasi hiyo haipatikani hakuandika "njia ya pamoja" kabisa. Hapo watembea kwa miguu wanabaki na njia yao, na baiskeli zinapelekwa mtaa wa pili uliotulia. Kuna wahandisi wanaochukua njia ya miguu ya mita mbili, wakasimika kibao chenye picha ya mtu na picha ya baiskeli, wakaripoti kwamba mji umepata kilomita kadhaa za njia ya pamoja. Njia ya pamoja ya mita mbili ni ugomvi uliojengwa kwa vitofali.

Spoku zangu mbili zilikatika siku hiyohiyo, kwenye pengo kati ya vifuniko viwili vya mtaro. Miji ya pwani ina mitaro mikubwa kwa sababu ya masika na vuli, na mara nyingi ukiona njia ya miguu iliyoinuka pembeni mwa barabara ujue unatembea juu ya mtaro uliofunikwa kwa zege. Mfuniko mmoja ukivunjika, au ukiinuliwa na wasafishaji usirudishwe sawasawa, njia nzima imekatika. Mtembeaji anaruka. Mwendesha baiskeli anarudi barabarani kwenye magari, au anafanya kama mimi.

Fundi wa Makorora alikuwa chini ya mkungu, amekalia kopo la rangi lililopinduliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeingia kwenye mfuniko."

"Umejuaje?"

"Rimu imepondeka mbele." Akaigeuza baiskeli juu chini, ikakaa kwa siti na usukani, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Akashika kipande cha chaki karibu na rimu, mkono ukiwa umetulia kwenye uma, na kila rimu ilipokuja upande ikajipaka chaki yenyewe. Hapo ndipo alipokuwa anabana na kulegeza spoku, robo mzunguko, robo mzunguko, bila haraka, hadi chaki ikaacha kugusa. "Anayegonga ukingo akipanda njia, rimu hupinda kwa ubavu. Ya anayeingia kwenye mfuniko hupondeka mbele. Hizi za ubavu huja kwangu zaidi, kwa sababu kingo ni ndefu."

Dada alishakunja ramani yake. Akaikunjua tena. Akamwomba mzee ataje mahali, na mzee akataja bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu: kwenye daraja dogo la njia ya sokoni, mbele ya shule fulani ambapo ukingo haujashushwa, kona ya kituo cha mafuta, na mfuniko wa chuma ambao nondo zake zimelala sambamba na barabara. Huo wa mwisho tulikwenda kuutazama. Upenyo kati ya nondo na nondo unatosha kabisa tairi la Phoenix. Nondo zile zingelazwa kukingama, baiskeli ingepita juu yake bila mtu kujua kama kuna mtaro. Ni kazi ya mchomeleaji, na ingekwisha kabla ya adhuhuri.

Ajali inayompeleka mtu hospitali huandikwa, na inayomfikisha mtu polisi huandikwa pia. Rimu iliyopondeka haiandikwi popote. Mtu analipa, anapanda, anakwenda, na wiki inayofuata analetwa mwingine na shimo lilelile. Mzee wa chini ya mkungu ndiye aliyekuwa na ramani ya maumivu ya mji huu, na kwa miaka yote ya kazi yake hapakuwa na ofisi iliyomuuliza. Kama ningekuwa na sauti kwenye halmashauri yoyote ya mji wenye baiskeli, ningeanza kwa kuwapitia mafundi wa namna yake kijiwe kwa kijiwe, na mshauri mwelekezi angesubiri.

Kuhusu bodaboda kwenye njia za pamoja tulibishana sana, na sidhani tulifika mwisho. Dar es Salaam tunayo mifano mizuri ya kutuonya. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za miguu na za baiskeli ambazo jiji halikuwahi kuwa nazo. Mpita njia wa leo anajua zinavyotumika: meza za machinga, magari yaliyoegeshwa, na bodaboda wanaokwepa foleni. Jibu la kawaida la wahandisi ni kusimika nguzo fupi kwenye kila mwanzo wa njia. Nguzo huzuia gari. Lakini nafasi inayomruhusu mtu mwenye kiti cha magurudumu kupita inamruhusu pia bodaboda na abiria wake, na ukiibana zaidi umemfungia nje mlemavu kwa kosa la mwenye pikipiki.

Dada anaamini tatizo ni vijiwe. Bodaboda hupita juu ya njia ya miguu kwa sababu kijiwe chake kipo juu ya njia ya miguu. Mpe kijiwe chake chenye kivuli upande wa barabara, mahali penye abiria, na safari zake nyingi zitaanzia kwenye lami. Mimi naona ana haki nusu. Mwenye pikipiki aliye na abiria anayechelewa kazini, akiona njia pana, laini, tupu, ya mita tatu na nusu, ataitumia, awe ametoka kijiwe chenye kivuli au kisicho na kivuli. Kitakachomzuia ni njia hiyo kutokuwa tupu. Kwa hiyo ningependa madirisha ya maduka yaielekee, watu wakae barazani wakiitazama, na muuza vitumbua awe na nafasi yake iliyochorwa. Njia iliyofyekwa watu wote ili ionekane safi hugeuka barabara ya pikipiki kabla rangi haijakauka.

Hatukuanza leo kuyafikiri haya, ingawa mazungumzo ya siku hizi husikika kama tumeamka jana. Zamani zile za baiskeli za Swala mjadala ulikuwa jinsi ya kuzipata. Kisha katika miaka ya 1990 mradi wa majaribio ulipita Temeke na Morogoro kwa upande wetu, Eldoret na Nairobi kwa Kenya, ukijaribu vivuko vilivyoinuliwa na njia za pembeni, na kuwakalisha watumiaji wenyewe kwenye vikao vya kuamua. Uzoefu huo ulitolewa kitabu mwaka 2001, kilichoandikwa na Marius de Langen na Rustica Tembele. Dada anacho, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Anasema karibu kila analolichora leo limo humo, ila hakuna madafu.

Jioni tulikwenda Raskazone. Njia ya huko inafuata bahari, ina miti, ina upepo, na saa hizo imejaa watu: wanandoa, wakimbiaji, baba anayemfundisha binti yake baiskeli akikimbia nyuma ameshika siti. Kila mgeni anayeletwa Tanga kuzungumzia njia za kutembea huletwa hapa, na ni rahisi kuona sababu. Ukipiga picha moja, mradi umejiuza. Dada hataki kuigusa. Kwake yeye Raskazone ni mahali pa watu wenye muda, na fedha ya kwanza iende kwa wasio na muda.

Hapa sikukubaliana naye, na nilimwambia. Kwenye njia hiyohiyo ipo Hospitali ya Bombo. Wauguzi huingia zamu alfajiri na kutoka usiku. Ndugu wa wagonjwa huja na vyombo vya chakula mara mbili na tatu kwa siku, wengi kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji. Njia nzuri isihukumiwe kwa sababu ina mandhari. Alinyamaza muda mrefu akitazama meli iliyotia nanga, kisha akatoa penseli akachora mstari kutoka kituo cha reli hadi hospitalini, akaukatisha hapo. Kipande cha baada ya hospitali, kile cha picha, akakiacha kitupu. Dada ni mtu wa kupatana lakini hapatani zaidi ya inavyolazimu.

Barabara ya Segera tuliiweka siku ya mwisho kwa makusudi. Tulikwenda nayo kutoka mjini kuelekea Kange, tukipanda na kushuka kwenye lami kila gari kubwa lilipotukaribia, na baada ya muda nikaacha kabisa kutazama mbele. Masikio yote yalikuwa nyuma. Hiyo ndiyo tofauti ambayo ramani haionyeshi. Ngamiani unaendesha ukiwatazama watu. Hapa unaendesha ukisikiliza injini.

Nafasi ipo, tele. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, na alama za X nyekundu kwenye kuta za watu ndizo ushahidi kwamba sheria hiyo inajulikana hadi vichochoroni. Mtu akibomolewa kibanda kwa ajili ya hifadhi ya barabara, na hifadhi ikabaki majani na mashimo ya maji kwa miaka, ana haki ya kuuliza imehifadhiwa kwa ajili ya nani. Njia ya mita tatu na nusu, ikitenganishwa na lami kwa mtaro na mstari wa miti, ingekula sehemu ndogo sana ya mita hizo 30.

Kikwazo kipo kwenye makaratasi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa tangu mwaka 2017 ni za TARURA. Taa, usafi na vibali vya biashara vinarudi kwenye halmashauri. Mwanafunzi anayetoka nyumbani Mikanjuni kwenda shule ng'ambo ya barabara kuu anavuka mipaka hiyo yote kabla hajamaliza muwa wake, na kila mpaka una ukingo usioshushwa, mtaro usiofunikwa au kivuko kilichofutika. Mradi wa uendelezaji wa miji ya kimkakati, TSCP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliiletea Tanga barabara zenye njia za miguu, mitaro na taa, na ukizifuata unaona kazi ni nzuri hadi pale mkataba ulipoishia. Hapo njia inakatika ghafla, kwenye mchanga, bila hata mteremko. Dada amezizungushia alama sehemu hizo zote. Kwenye pendekezo lake zina bei ndogo kuliko kitu kingine chochote, na ameziweka ukurasa wa kwanza.

Usiku huo ramani ilifika barazani. Kuna kijiwe cha kahawa karibu na kwao, mabenchi mawili, birika la shaba juu ya makaa, kashata kwenye sahani, na bao linalochezwa na wazee wawili ambao hawapendi kukatizwa. Dada akaitandika ramani juu ya benchi, akaweka vikombe kwenye pembe zake nne. Watu wakaja. Mmoja akatafuta nyumba yake kwanza, kama kila mtu anavyofanya akiona ramani. Mwingine akataka kujua kama X zitaongezeka. Dada akasema hakuna nyumba itakayoguswa, akaonyesha kwa kidole hifadhi iliyopo tayari.

Kisha mzee aliyekuwa anacheza bao akasema bila kugeuka, "Binti yangu, mimi gari halinitishi. Gari nalisikia. Baiskeli ndiyo inayonitisha. Inakuja kimya, nashtukia iko begani."

Kicheko. Lakini dada hakucheka. Akamuuliza sikio gani halisikii vizuri, na anatembea upande gani akienda msikitini. La kushoto, akasema mzee, na anatembea upande wa kulia kufuata ukuta, kwa sababu ya fimbo.

"Na ukuta ukiisha?"

"Nasimama. Nangoja mtu anivushe."

Dada akainua kikombe kimoja, akaikunjua pembe ya ramani, na pale njia yake ya pamoja inapopita msikitini akaipasua mistari miwili: wa upande wa ukuta wa watu, wa upande wa mtaro wa baiskeli, na kati yake ukingo mdogo ambao fimbo itaugusa. Mwenye kahawa akasema basi hapo penye mistari miwili benchi zake hazitatosha. Dada akampimia kwa futi. Akamwambia asogeze birika hatua mbili upande wa mkungu, ambako jioni kuna kivuli kizuri zaidi. Mwenye kahawa akasema kivuli cha jioni hakina maana kwa biashara ya usiku, yeye anataka taa. Dada akaandika taa.